Madereva wa langalanga, wa zamani na wa sasa: nani jasiri, nani fundi

Kila tukikaa kuangalia langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, mimi na mjomba wangu lazima tubishane lile lile. Gari zikiwaka tu yeye anaanza, "hawa watoto wa siku hizi wanagonga ukuta wanashuka wanajipangusa, madereva walikuwa wale wa zamani bwana," na mimi miaka yote nilikuwa namjibu hapana mjomba, hawa wa sasa wana kasi zaidi, shingo zao tu ukiziangalia unajua hii kazi si mchezo. Tumeenda hivyo tangu niko shule ya msingi na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Sasa miezi hii nimekuwa nikikesha naangalia mbio za zamani, video baada ya video, nyingine hata rangi hazina, na nimeona sote wawili tulikuwa tunapimia kipimo kibovu. Mjomba alikuwa anahesabu vifo, mi nilikuwa nahesabu sekunde. Na vyote viwili havikwambii nani alikuwa jasiri wala nani alikuwa fundi.

Nianze na upande wa mjomba manake una uzito wake.

Nürburgring, Ujerumani, 1957. Mzunguko mmoja wa ile njia ya zamani ulikuwa kilometa 22 na ushee, msituni, kupanda na kushuka, kona zaidi ya 150, na lazima uzijue zote kichwani. Juan Manuel Fangio, dereva wa Argentina, wakati huo ana miaka 46, umri ambao leo karibu madereva wote wameshastaafu. Akaingia piti, pale pembeni ya njia mafundi wanapohudumia gari, kubadili tairi na kuongeza mafuta, mambo yakawa mabaya mle ndani, akatoka yuko karibu sekunde 50 nyuma ya Mike Hawthorn na Peter Collins waliokuwa na Ferrari. Basi yule mzee akaanza kuvunja rekodi ya njia, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akafika dakika 9 na sekunde 17.4, yaani sekunde 8 chini ya muda wake mwenyewe uliompa nafasi ya kwanza kwenye gridi, ule mpangilio wa kuanzia mbio. Akawapita wote wawili kwenye raundi ya kabla ya mwisho. Mbio zenyewe zilichukua saa tatu na nusu, hana mkanda, tairi nyembamba, tangi la mafuta liko nyuma ya mgongo wake. Alikuja kukiri mwenyewe kwamba hakuwahi kuendesha namna ile na hakutaka tena kuendesha namna ile, na ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho wa Formula 1.

Ukiangalia picha za siku ile huwezi kubishana na mjomba. Ila hebu tulia kidogo. Kutokuwa na mkanda haukuwa uamuzi wa Fangio peke yake, wote hawakuwa nao, na wengi wakati ule waliamini kabisa kwamba bora urushwe nje kuliko ubaki umefungwa ndani ya gari inayowaka. Hatari ilikuwa ya zama zile, kila mtu aliyepanga mstari alikuwa nayo, aliye mzuri na aliye wa kawaida. Mtu akizaliwa kwenye nyumba inayovuja huwezi kumsifia kwamba haogopi mvua. Mi nikitaka kujua nani jasiri nataka kuona mtu aliyejua vizuri kabisa kinachoweza kumpata, akaogopa, na bado akafanya alichoona ni sahihi.

Ndio maana Jim Clark, dereva wa Uskoti, ananigusa kuliko Fangio. Mwaka 1960 alikuwa mgeni kabisa, hiyo ikiwa mbio yake ya pili tu ya Grand Prix, yaani mbio za ubingwa wa Formula 1, Spa kule Ubelgiji, na siku hiyo wakafa madereva wawili, Chris Bristow na Alan Stacey, ndani ya mbio moja. Stacey alipigwa na ndege usoni. Clark aliichukia Spa kuanzia siku ile na hakuficha. Njia yenyewe ilikuwa barabara za kawaida za watu, pembeni kuna miti, nguzo na nyumba za mawe, na wao wanapita hapo mguu umezama kwenye mafuta. Halafu ukiangalia rekodi unakuta huyo huyo aliyeichukia ameshinda hapo miaka minne mfululizo, 1962 mpaka 1965.

Ile ya 1963 ndio nimeirudia rudia kuisoma. Alianza nafasi ya nane, akaongoza tangu mwanzo, af mvua ikaja, nzito, na gia ya juu ikawa inaruka yenyewe inatoka. Sasa fikiria wewe uko kwenye sehemu ya kasi kubwa, njia imejaa maji, unaona ukungu tu mbele, na ukiachia kile kijiti cha gia injini inapiga kelele haina mzigo na gari inaweza kuzunguka muda wowote. Clark alikuwa anakishikilia kwa mkono mmoja kisitoke, mkono uliobaki ndio unaongoza usukani, kwenye njia anayoiogopa, akijua kabisa iliwafanya nini wenzake miaka mitatu nyuma. Akashinda kwa karibu dakika tano. Hapo unaona ujasiri na ufundi viko kwenye mikono miwili ya mtu mmoja na huwezi kuvitenganisha.

Na kuna ujasiri ambao hauna uhusiano wowote na kuendesha. Zandvoort, Uholanzi, 1973, gari ya Roger Williamson ilipinduka ikashika moto yeye akiwa ndani mzima. David Purley akasimamisha gari yake, akakatiza njia akikimbia huku wengine wanapita kwa kasi, akaanza kuisukuma ile gari peke yake ili aigeuze. Wasimamizi waliokuwa pale hawakuwa na nguo za kuzuia moto, hawakuweza kusogea, madereva wengine waliopita walidhani Purley ndiye mwenye gari na ameshatoka salama. Mbio zikaendelea. Williamson akafia pale. Uingereza ilimpa Purley nishani ya George Medal, lakini ukiangalia ile picha anavyoondoka pale mabega yamelegea, unajua nishani haikumsaidia kitu.

Haya, tuje kwa hawa "watoto".

Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020, niliiona moja kwa moja na mjomba alikuwa pembeni yangu. Mzunguko wa kwanza kabisa, gari ya Romain Grosjean ikaenda kwenye reli za chuma za pembeni ya njia, ikakatika vipande viwili, ikatokea upande wa pili na mpira wa moto ambao mi sijawahi kuuona kwenye langalanga maisha yangu yote. Tukanyamaza. Mjomba akasimama. Karibu nusu dakika jamaa yuko ndani ya moto, na sekunde hizo ukizihesabu huku unatazama zinakuwa ndefu kweli kweli, mpaka akaonekana anapanda juu ya reli mwenyewe, kiatu kimoja hana, mikono imeungua. Kilichomwokoa kichwa ni ile halo, ule upinde wa chuma juu ya dereva ulioletwa 2018, ambao Grosjean mwenyewe alikuwa mmoja wa walioupinga.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni kilichofuata baadaye. Reli ikatengenezwa, ikachukua zaidi ya saa moja, na muda wote huo wenzake wameona marudio kwenye skrini. Walijua ametoka, walijua pia ingekuwaje. Kisha wote 19 wakavaa helmeti, wakaingia kwenye gari, wakapita tena pale pale. Nilimgeukia mjomba nikamuuliza, "mjomba, hawa nao wanacheza gemu?" Hakujibu, na mi sikumsukuma.

Au Charles Leclerc, dereva wa sasa, 2019, Spa hiyo hiyo. Jumamosi Anthoine Hubert, waliokua pamoja tangu wako watoto kwenye gokati, alikufa kwenye mbio za Formula 2, ngazi iliyo chini ya Formula 1. Jumapili Leclerc aliipita sehemu ile mara 44 na akashinda, ushindi wake wa kwanza wa Formula 1. Miaka michache kabla ya hapo alishampoteza Jules Bianchi, dereva mwenzake aliyekuwa kama kaka kwake, baada ya ile ajali ya Suzuka, Japani, ya 2014. Kwa hiyo ukisema hawa hawajui kifo unakosea sana, wanakijua kwa majina.

Sasa ufundi. Hapa ndipo watu tunachanganya mno kwa sababu gari hazifanani hata kidogo. Wa zamani alikuwa anabadili gia kwa mkono na klachi kwa mguu, tairi nyembamba, gari inaserereka kona nzima na yeye anaisahihisha kidogo kidogo. Argentina 1955 joto lilikuwa kali kiasi kwamba madereva walikuwa wanapokezana gari, ni Fangio na Roberto Mieres tu waliomaliza bila kupokewa, na Fangio akatoka na majeraha ya moto mguuni kwa sababu ya vyuma vya gari. Wa sasa gia anabonyeza kwa kidole nyuma ya usukani, sawa, lakini mwili unabeba mara tano ya uzito wake kwenye kona na kwenye breki, usukani umejaa vitufe, fundi anamwongelesha sikioni, na kwenye mzunguko wa kusaka nafasi ya kuanzia, tofauti ya wa kwanza na wa kumi mara nyingi haifiki sekunde moja. Fangio alikuwa na nafasi ya kukosea kidogo akafidia mbele. Huyu wa sasa hana, ila akikosea sana anatoka mzima. Utalinganishaje hapo?

Mi naona kipo kitu kimoja tu kilichobaki kile kile tangu mwanzo mpaka leo, nacho ni mvua. Maji hayajabadilika. Ikinyesha nguvu za injini hazikusaidii tena sana, unabaki na vidole, makalio yako yanayosikia gari inavyoteleza, na macho. Chukua Jackie Stewart, Nürburgring 1968, mvua na ukungu, kifundo cha mkono kimevunjika, ameshinda kwa zaidi ya dakika nne. Chukua Ayrton Senna wa Brazil pale Donington, Uingereza, 1993, yuko wa tano kwenye kona za mwanzo na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha anaongoza, na kati ya aliowapita mmoja ni Michael Schumacher mwingine ni Alain Prost. Lewis Hamilton, Silverstone, Uingereza, 2008, zaidi ya sekunde 68 mbele ya wa pili. Max Verstappen, Brazil 2024, ameanza nafasi ya 17 ameshinda. Hizo namba usizilinganishe moja kwa moja, dakika nne za 1968 zina mambo ya tairi na zina umbali mrefu wa mzunguko, we angalia tu kwamba kila zama ikinyesha anajitokeza mtu anayeona njia ambayo wenzake hawaioni. Mi kwa hilo siwezi kuwapanga kwa miaka. Clark ningemweka na Senna na Verstappen meza moja na nisingehangaika nani akae mbele.

Ila mvua hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha ujasiri ambao mjomba bado hataki kuukubali, ule wa kusema hapana. Niki Lauda, dereva wa Ferrari, aliungua Nürburgring tarehe 1 Agosti 1976, hali mbaya mpaka padri akaitwa hospitali, na wiki sita baadaye yuko Monza, Italia, amevaa helmeti juu ya bandeji, akamaliza wa nne. Hilo kila mtu analisifia. Lakini mwezi uliofuata, Fuji, Japani, mvua kubwa, ubingwa uko mkononi, akaendesha mizunguko miwili tu akaingia piti akashuka. Akasema hapana, ni hatari mno. Timu ilimpa nafasi ya kusingizia injini, akakataa. Akaukosa ubingwa kwa pointi moja. Mjomba anaita woga. Mi nasema kuingia Monza kulihitaji moyo, lakini kushuka Fuji mbele ya dunia nzima na kukataa uongo wa kumfunika kulihitaji moyo zaidi.

Na Stewart pia walimwita mwoga. Spa 1966 mvua ilimtoa nje ya njia, akabanwa ndani ya gari, petroli inammwagikia mwilini kama dakika 25, wenzake Graham Hill na Bob Bondurant wakahangaika kumtoa kwa spana walizoazima kwa mtazamaji. Baada ya hapo akawa anafunga spana yake mwenyewe ndani ya gari kila mbio, na akaanza kudai mikanda, reli, madaktari, mpaka wenye njia na baadhi ya madereva wenzake wakamchukia. Bingwa mara tatu, ameshinda mbio 27, na wanamwita mwoga kwa sababu hataki watu wafe.

Oktoba 1973, Watkins Glen, Marekani, alikuwa anakwenda kuendesha Grand Prix yake ya 100 kisha astaafu, uamuzi alikuwa ameshaufanya kimyakimya. Jumamosi François Cevert, mwenzake wa timu aliyemfundisha yeye mwenyewe na aliyekuwa anamwachia nafasi yake, akafa kwenye mazoezi. Jumapili Stewart hakupanda gari. Ukifungua rekodi zake leo zinasoma 99.