Usichome mabua, asema mzee Lal

Mimi nimekulia shamba, na kwetu kazi ya kwanza baada ya kuvuna ilikuwa kupiga kiberiti. Mabua yote yanakusanywa, yanawashwa, shamba linabaki jeusi safi, na mtu akipita anasema hapa kuna mkulima. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Profesa Rattan Lal, mwanasayansi wa udongo, nilijisikia kama naulizwa mimi binafsi, maana huyu mzee karibu maisha yake yote ya kazi kayatumia kwenye hayohayo makapi tuliyokuwa tunayaona uchafu.

Alizaliwa 1944 huko Karyal, Punjab, sehemu ambayo sasa ni Pakistan. India ilipogawanywa 1947 familia yake ikakimbia ikawa wakimbizi, wakaja kutua Rajaund, kijiji kilichopo leo jimbo la Haryana, wakaanza upya kwenye kishamba kidogo. Ukulima wenyewe wa ng'ombe na mikono, na kama ilivyo vijiji vya kule mpaka leo, samadi inakandwa viduara, inakaushwa juani, inakuwa kuni za kupikia, na majani ya mazao yanakwenda kwa ng'ombe. Yaani shamba linatoa, linatoa tu, hakuna kinachorudi.

Shule akaipasua vizuri, chuo cha kilimo Ludhiana, halafu New Delhi, halafu Ohio State kule Marekani, 1968 akawa daktari wa sayansi ya udongo. Akapita Sydney kidogo. Hayo nayapita haraka kwa sababu utamu wenyewe uko Nigeria.

1970 akaajiriwa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki pale Ibadan, kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kuinua mavuno. Msitu unafyekwa, udongo unalimwa, mbegu inapandwa, halafu mvua ya Ibadan inashuka, na mvua ile haina salamu. Udongo ulioachwa uchi unapigwa matone mpaka unaziba juu kama sakafu, maji hayaingii, yanateremka na rutuba yote, na jua likitoka joto la udongo sentimita chache tu chini linapita nyuzi 40, sasa mbegu ya mahindi hapo itafanya nini?

Akachimba viwanja vya majaribio kwenye miteremko tofauti, asilimia 1, 5, 10 mpaka 15, chini ya kila kiwanja kuna tangi la kukinga maji yanayotiririka. Hebu fikiria asubuhi baada ya mvua, unafunua matangi mawili, la kiwanja kilichotifuliwa maji ni uji mzito wa kahawia, la kiwanja kilichotandazwa majani maji ni machache na yanaelekea kuwa meupe. Mteremko uleule, mvua ileile! Tani 4 hadi 6 za matandazo kwa hekta zilitosha kuuzuia mmomonyoko karibu wote. Ndiyo maana akawa mtu wa kupanda bila kutifua, mabaki yanaachwa juu, mbegu inachomekwa katikati yake, na mazao ya kufunika ardhi yanapandwa msimu usio na zao.

Sasa 1982 akatembelewa na Roger Revelle, mmoja wa wanasayansi wa mwanzo kabisa kushtuka kuhusu hewa ukaa, yaani gesi yenye kaboni. Lal akamwonyesha jinsi kaboni ya udongo ilivyoporomoka baada ya msitu kukatwa. Mgeni akamwambia hiyo kaboni haijapotea, iko juu hewani inaipasha dunia joto, je unaweza kuirudisha? Lal mwenyewe husimulia kwamba hakuwa na jibu. Mtu miaka 12 anahangaika na mahindi, kumbe alikuwa ameshika ncha ya kamba ya tabianchi!

1987 akarudi Ohio State na swali hilo begani. Jibu ukilisikia ni jepesi, mmea unavuta hewa ukaa, ukifa ukaoza ardhini sehemu inabaki kama mboji, kwa hiyo kila unachokiacha shambani ni kaboni uliyoiteremsha. Na ghala ni kubwa mno, udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ukijumlisha. Heshima zikamfuata, Japan Prize 2019, World Food Prize 2020 yenye dola 250,000, ambazo alizitoa zikafanye utafiti wa udongo. Siku hizi anasema udongo uwe na haki kisheria kama viumbe wengine, na kusema kweli mwanzo nilicheka.

Ila kuna mahali namwona bado hajamaliza, au niseme sisi ndio hatujamaliza. Mwenye ng'ombe wawili na jiko la kuni, mabua anayaacha shambani vipi? Ni fumbo lilelile la Rajaund. Mimi msimu uliopita sikuchoma, nikatandaza yote kwenye matuta. Jirani akaja kuuliza kama naumwa. Mchwa walikula karibu nusu, ng'ombe wa watu wakaingia usiku wakala tena, lakini nilipofunua kilichobaki, siku ya 9 bila mvua, chini kulikuwa na unyevu na nyungunyungu wawili wamejikunja.