Nilivyobadilisha pampu ya kisima chetu, na nilivyojua ile ya awali ilikufa kwa nini

Pampu ya kisima chetu iliacha kutoa maji jioni ya Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba 2022, katika siku zilezile ambazo Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umeshuka sana. Tunaishi Chanika, na wakati huo majirani wa nyumba tano walikuwa wakija kuchota kwetu asubuhi na jioni, kwa hiyo pampu ilipokufa hatukukaukiwa sisi peke yetu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa na miezi 14 tu tangu ishushwe, ilhali ile iliyoitangulia ilidumu miaka sita.

Fundi aliyekuja kesho yake alijaribu kuiwasha mara mbili, akasikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, mota imeungua, tuweke nyingine." Nilipomuuliza imeungua kwa sababu gani, alijibu kwamba pampu za siku hizi hazidumu. Sikuwa na ujuzi wa kumbishia kuhusu mota, lakini jibu hilo halikunitosha, kwa kuwa lilimaanisha kwamba baada ya miezi 14 mingine ningeitwa tena dukani. Nilimshukuru, nikamlipa nauli yake, na nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa msaada wa shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme, pamoja na vijana wawili wa mtaani wenye nguvu. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba pampu mpya haitashuka kisimani kabla sijajua iliyokufa imekufa kwa sababu gani.

Tulianza na umeme, kwa sababu ndiyo sehemu inayokaguliwa bila kutoa kitu kisimani. Shemeji alizima sakiti breka, akaifunga kwa tepu ili mtoto asije akaiwasha, na akapima kwa mita kuhakikisha hakuna umeme kabla ya mtu yeyote kugusa waya. Kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ilikuwa nzima ndani ya kontroli boksi, yaani kisanduku cha ukutani kinachoendesha pampu. Hili la kapasita nalisisitiza, kwa sababu kapasita iliyovimba au kuvuja huifanya pampu ingurume bila kuzunguka, na mtu anaweza kung'oa pampu nzima kwa kosa la kifaa kidogo kinachokaa ukutani. Baada ya hapo alipima nyaya tatu zinazoshuka kisimani dhidi ya waya wa erthi. Kwenye mota iliyo salama, mita hiyo ya kawaida isingeonyesha njia yoyote ya umeme kati ya nyaya hizo na erthi, lakini yetu ilionyesha omu chache tu. Insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme usitoke kwenye nyaya, ilikuwa imeungua, kwa hiyo fundi alikuwa sahihi kuhusu mota. Ila kuungua ni matokeo, na mimi nilikuwa natafuta chanzo.

Kutoa pampu iliyoning'inia mita 54 chini ya ardhi kunahitaji watu na nafasi. Pampu yetu ilikuwa kwenye bomba la rola, lile la plastiki linalouzwa likiwa limeviringishwa, la inchi moja na robo, na kwa kuwa nanritani valvu (valvu isiyoruhusu maji kurudi) iliyo kichwani mwa pampu hushikilia maji yote yaliyomo bombani, mnavuta pampu, bomba na maji kwa pamoja; kila mita ya bomba hilo hubeba takriban lita 0.8. Tulikadiria kwamba uzito wa kuanzia haukuwa mbali na kilo 40, na mikono ililowa ikawa inateleza. Tulilaza kipande cha tairi kuukuu kwenye mdomo wa kesingi, yaani bomba kubwa linaloshikilia kuta za kisima, ili ukingo wake usikwaruze waya, tukaipa kamba ya usalama mtu wake wa kuishika muda wote, na bomba lilivyokuwa likitoka tulilipeleka moja kwa moja kupitia getini hadi barabarani, kwa sababu bomba la rola likikunjwa kwa pembe kali hubaki na mkunjo, na mkunjo huo ndio mahali litakapopasukia. Majirani walisimama kutuangalia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alikuja mwenyewe kulishika bomba katikati, na alikaa nasi hadi pampu ilipotokeza.

Nilipoifungua sehemu ya pampu iliyo juu ya mota ndipo nilipoona jambo lililobadilisha kazi yote. Ndani yake kuna visahani vyeupe vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo ndivyo vinavyoyasukuma maji kwenda juu. Vile vya juu vilikuwa vimelainika na kugandana na vikombe vyake, na kimoja kilikuwa na umbo la mshumaa ulioachwa juani. Plastiki ile haiwezi kuyeyuka ikiwa ndani ya maji ya kisima. Iliyeyuka kwa sababu pampu ilizunguka bila maji, na mota yake, ambayo hupozwa na maji yanayopita pembeni yake, ilikosa cha kuipoza. Kwa hiyo swali langu likawa jipya: kwa nini kisima kilikuwa kinakauka wakati pampu inafanya kazi?

Hapa karatasi ya mchimbaji ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, na namsihi kila mwenye kisima aitunze yake pamoja na hati ya kiwanja. Yetu inaonyesha kisima kina mita 60, maji yalisimama mita 24 kutoka juu siku kilipopimwa, na kisima kilitoa lita 1,800 kwa saa. Pampu iliyokufa, kwa urefu tunaosukumia sisi, ilikuwa ikitoa takriban lita 2,400 kwa saa, yaani ilikuwa ikichota lita 600 zaidi ya zile zinazoingia. Kesingi ya inchi 5 hubeba karibu lita 12.7 kwa kila mita, kwa hiyo kati ya mita 24 na mita 54 palikuwa na akiba ya lita 380 hivi. Ukigawanya 380 kwa 600 unapata saa 0.63, yaani dakika 38. Ni hesabu ya makadirio, kwa sababu maji huingia kisimani kwa kasi zaidi kadiri kiwango kinavyoshuka, na mwisho wa kiangazi kisima hutoa pungufu, lakini ilinionyesha kwamba pampu hiyo ilikuwa salama kwa kazi ya nusu saa na hatarini kwa kazi ya saa moja.

Kwa miaka mingi kazi ya nusu saa ilitutosha. Tulitumia kama lita 1,000 kwa siku, na floti swichi ilizima pampu tangi lilipojaa. Nilipozitazama risiti za LUKU ambazo mke wangu huzihifadhi kwenye kopo jikoni, niliona kwamba tangu Juni tulikuwa tukinunua umeme karibu kila siku tisa, wakati zamani kiasi hichohicho cha fedha kilitufikisha siku kumi na nne. Majirani walikuwa hawajaanza kuja mwezi wa Juni. Pampu ile ilikula zaidi kidogo ya uniti moja kwa saa, kwa hiyo tofauti hiyo ilimaanisha saa nyingi za kuzunguka, na saa hizo hazikuonekana kwenye maji tuliyotumia ndani. Maji yalikuwa yanapotelea mahali fulani kati ya kisima na tangi.

Jinsi ya kulipima bomba hilo wakati pampu haipo ilinisumbua usiku mzima, kisha nikaona kwamba ndoo moja inatosha. Kutoka kisimani hadi kwenye mnara wa tangi ni mita 18 chini ya ardhi, na mnara pamoja na tangi unapanda mita 6, jumla mita 24, ambazo kwa bomba la inchi moja na robo ni lita 20 tu. Nilifunga geti valvu iliyo kwenye kichwa cha kisima, nikapanda juu ya tangi na funeli, nikaanza kumimina. Kama bomba lingekuwa zima, ndoo moja ya lita 20 ingelijaza hadi mdomoni na maji yangesimama hapo. Nilimimina ndoo ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara maji yalishuka kwa sauti ya kunywa, hata ukingoni sikuwahi kuyaona.

Mahali penyewe palikuwa mbele ya macho yetu. Kwenye tuta la mchicha kuna sehemu ya kama hatua mbili ambayo kiangazi chote ilikuwa na majani mapana ya kijani kibichi, na tulikuwa tukiisifia rutuba yake. Nilichimba hapo, na katika kina cha sentimita 20 nilikuta bomba lililokatwa kwa jembe na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilikumbuka siku hiyo vizuri. Kijana aliyekuwa akinisaidia kulima aliligonga, tukalifunga kwa haraka ili maji yasikatike, nikasema nitalirudia Jumapili, na sikulirudia.

Nilinunua soketi ya kubana ya bomba la rola, nikalikata bomba pande zote mbili, nikaunganisha, na asubuhi yake shimo lilikuwa na maji tena. Nilipofungua nikaona kosa langu: sikuwa nimeulainisha ukingo wa bomba nilipolikata kwa msumeno, kwa hiyo ukali wake uliimega ile raba ya duara iliyo ndani ya soketi wakati wa kusukuma, na kipande kama ukucha kilikuwa kimenyofoka. Mara ya pili nilikata kwa makini ili mkato uwe mraba, nikachonga ukingo kwa kisu na msasa hadi ukawa na mteremko, nikapaka sabuni kidogo ya maji, nikaweka alama kwa kalamu kuonyesha bomba linapaswa kuingia hadi wapi, na nikasukuma mpaka alama ikafika. Ndoo moja ya lita 20 ilijaza bomba hadi mdomoni, na baada ya saa tatu maji yalikuwa palepale.

Baada ya hapo tu ndipo nilipokwenda Kariakoo kununua pampu. Muuzaji aliniuliza nataka hosipawa ngapi, yaani mota yenye nguvu kiasi gani, na akanishauri nichukue moja na nusu ili nisihangaike tena. Nilimwomba anionyeshe jedwali la pampu, kwa sababu nilikuwa nimeandika mahitaji yangu kwenye daftari: maji yanaweza kushuka hadi mita 45 wakati wa kuvuta, tangi linapokea maji mita 6 juu ya ardhi, na niliongeza mita 4 kwa msuguano wa bomba, jumla mita 55. Katika urefu huo nilitaka lita 1,500 kwa saa, chini ya kile ambacho kisima kinatoa. Pampu ya robo tatu hosipawa ilitosheleza hayo. Pampu kubwa zaidi ingekausha kisima kwa haraka zaidi, na ningelipia kosa hilo mara mbili, dukani na kwenye LUKU.

Kiungo cha waya ndicho nilichokifanya kwa uangalifu kuliko yote, kwa sababu kitakaa chini ya maji kwa miaka. Shemeji alikata nyaya kwa urefu tofauti ili viungo vitatu visikutane mahali pamoja, akavibana kwa soketi za shaba, akavivisha mpira unaosinyaa kwa moto ambao una gundi ndani, na juu yake akazungusha tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe. Tulikitumbukiza kiungo hicho ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi tukapima kati ya kila waya na maji. Mita haikuonyesha chochote. "Sasa nakubali ishuke, shemeji," alisema.

Tuliishusha hadi mita 51 badala ya 54, kwa kuwa chujio la pampu ya zamani lilikuwa na mchanga. Waya tuliufunga kwenye bomba kila baada ya mita mbili, tukiulegeza kidogo kila mara, kwa sababu bomba la rola hurefuka likibeba uzito na waya uliokazwa utabeba kile usichopaswa kubeba. Tulishusha pia vihisi viwili vya maji vilivyounganishwa na kontroli boksi, ambavyo huizima pampu maji yakishuka hadi karibu nayo na kuiruhusu tena yakipanda. Kifaa hicho kiligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya pampu, na laiti ningekuwa nacho mwaka uliotangulia.

Kabla ya kuyaruhusu maji kuingia tangini tulisafisha kisima, maana mikono na kamba zetu zilikuwa zimeshika kila kitu. Kilikuwa na lita zipatazo 460 za maji, na tulimimina mililita 700 za dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 3.5, tukaiacha hadi kesho yake, kisha tukavuta maji na kuyamwaga nje mpaka harufu ilipoisha.

Kwa kuwa nilikuwa tayari nimeanza kupima, nilipima na nyumba. Nilifunga koki zote usiku, nikaweka alama ya kiwango cha maji kwenye tangi, na asubuhi kiwango kilikuwa kimeshuka sentimita 6, ambazo kwa tangi letu ni karibu lita 80. Nilitia bluu ya kufulia kwenye tangi dogo la kila choo bila kuvuta maji, na baada ya nusu saa bakuli la choo cha watoto lilikuwa na michirizi ya bluu. Raba ya chini ilikuwa imekakamaa. Kuibadilisha kulichukua dakika kumi.

Sasa tangi hujazwa kutoka nusu kwa dakika 40 hadi 43, na nimekuwa nikiandika muda huo kila Jumapili kwenye daftari linaloning'inia karibu na kontroli boksi. Ukifika 50 nitajua pa kuanzia kutafuta. Risiti za LUKU zimerudi kwenye siku kumi na nne. Kilichobaki ni bomba la chini ya tuta, ambalo bado liko sentimita 20 tu. Nimeshanunua mita 20 za bomba jipya, na mtaro wa sentimita 60 tutauchimba kabla mvua za masika hazijaanza.