Mlo wa Kopepodi Husomwa Katika Mafuta Yao

Jumamosi iliyopita, nikiwa likizoni Moshi, nilisimama kwenye bucha ya mjomba wangu kule Kiboriloni nikisubiri nyama ya mtori. Alinionyesha kipande cha mafuta chenye rangi ya manjano. “Huyu ametoka machungani, mjomba. Wa kulishwa pumba bandani mafuta yake huwa meupe,” alisema bila kusita. Rangi ile ni karotini ya majani mabichi, ambayo huyeyuka katika mafuta na kubaki humo.

Hoja yake ndiyo tunayoitumia kwa kopepodi, jamaa wa kamba wenye urefu wa milimita chache tu. Ukimpasua tumbo mnyama wa ukubwa huo, utaona mlo wake wa mwisho, tena sehemu yenye ganda gumu, kwa kuwa vyakula laini husagika mapema na kupotea. Mafuta ya akiba, kinyume chake, hubeba alama za majuma kadhaa. Daiatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika, hutengeneza kwa wingi asidi ya mafuta yenye kaboni 16 na kifungo maradufu kimoja; dinoflagelati, viumbe vya seli moja vinavyoogelea kwa vijimkia, hutambulika zaidi kwa ile ya kaboni 22 na vifungo 6; na bakteria huacha asidi zenye idadi witiri ya kaboni, yaani 15 na 17.

Sampuli hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa sababu vimeng’enya vya kopepodi huendelea kuvunja mafuta hata baada ya mwenyewe kufa. Kisha husagwa katika klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2 kwa 1, mbinu iliyochapishwa na Folch na wenzake mwaka 1957, na mafuta yanayopatikana hubadilishwa kuwa esta za methili, umbo linalogeuka mvuke kwa urahisi, ili asidi zitenganishwe moja moja kwa kromatografia ya gesi.

Hapo ndipo mfano wa mjomba unapoishiwa nguvu. Vijidudu vya tumboni mwa ng’ombe hubadilisha mafuta ya majani kabla hayajafyonzwa, kwa hiyo asidi zenyewe hazisemi mengi juu ya malisho. Nguruwe aliyelishwa mabaki ya dagaa, ambaye mafuta yake hulegea na kunuka shombo, angekuwa mfano bora. Kopepodi naye ana ya kwake. Calanus wa bahari za kaskazini, ambaye chini ya hadubini huonekana na mfuko wa mafuta unaong’aa karibu mwili mzima, hujitengenezea mwenyewe asidi na alkoholi za kaboni 20 na 22 zenye kifungo maradufu kimoja kwa ajili ya nta anayoiweka akiba. Ukizikuta hizo ndani yake, hazikutoka kwenye mwani. Ukizikuta ndani ya samaki, hapo una sababu ya kushuku kwamba alimla Calanus.

Kinachonikera ni kuona vipimo hivi vikihamishiwa kwenye maji yetu ya joto kama vilivyo. Kopepodi wengi wa tropiki huweka akiba ndogo sana, hivyo sehemu kubwa ya mafuta yao ni fosfolipidi za utando wa seli, ambazo mwili huzipanga kwa mahitaji yake na hazifuati mlo kwa karibu. Kwa sampuli za Zanzibar, mimi hutenganisha kwanza mafuta ya akiba na yale ya utando, hata kama nitabakiwa na tone lisiloonekana kwa macho.