Sarafu za kale: naandika ninachokiona, namba ya kitabu hungoja

Ukimwuliza mkusanyaji wa sarafu za Kirumi ana nini mezani, mara nyingi atakutajia namba ya kitabu, yaani namba ambayo aina hiyo ya sarafu imepewa kwenye kitabu cha orodha. Orodha yangu haianzi hapo. Sarafu inaandikwa uzito, kipenyo, mwelekeo wa chapa (vile vyuma viwili vilivyochongwa vilivyoigonga, mbele na nyuma) na herufi zinazosomeka kabla sijafungua kitabu chochote. Namba ya kitabu inakaa safu ya mwisho, pamoja na mwaka wa toleo, kwa kuwa vitabu hubadilika. Sarafu za mfalme Hadrian ziliorodheshwa kwenye Roman Imperial Coinage, orodha kuu ya sarafu za wafalme wa Kirumi, ya 1926, kisha toleo la 2019 likazipanga upya na kuzipa namba nyingine. Anayeandika namba bila mwaka hajasema ni sarafu gani.

Kwa sababu hiyohiyo, namba yangu ya usajili haina maana yoyote: 0001, 0002, na kuendelea. Wengi hupenda namba inayobeba jina la mfalme, metali na mji. Inapendeza mpaka siku utambuzi utakapobadilika. Chukua akina Faustina wawili, mama aliyekuwa mke wa mfalme Antoninus Pius na binti aliyeolewa na mfalme Marcus Aurelius. Wote wana sarafu zenye maneno FAVSTINA AVGVSTA. Nyingi za mama ziligongwa baada ya kifo chake na zina neno DIVA (aliyefanywa mungu), lakini zile za uhai wake huchanganywa na za binti kila leo. Ukiihamisha sarafu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, namba yenye jina ndani yake inakuwa ya uongo. Ukiibadilisha, picha, lebo na bahasha vinaachana. Maandishi nayanakili yalivyo: V inabaki V, herufi iliyofutika inakuwa nukta, na ninachokisia kinaingia kwenye mabano ya mraba.

Uzito nauandika hadi sehemu ya mia ya gramu, baada ya kuikagua mizani kwa jiwe lake. Hapa napingana na ushauri unaorudiwa sana, kwamba sarafu bandia ya madini ya fedha itajulikana nyumbani kwa kupima densiti, yaani uzito kwa ujazo: pima sarafu ikiwa kavu, ipime tena ikining'inia majini kwa uzi, kisha gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kanuni ni sahihi, mizani ndiyo haitoshi. Dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ya gramu 3.40 yenye densiti 10.3 hupungua gramu 0.33 tu ikiwa majini. Ukikosea kwa gramu 0.01, jibu linaruka hadi 10.6 au linashuka hadi 10.0. Fedha safi ni 10.49, na 10.0 ni takriban mchanganyiko wa fedha asilimia 70 na shaba 30. Hapo hujajua kitu, na bado hatujataja kiputo cha hewa kilichonasa kwenye nywele za mfalme (tone la sabuni majini husaidia). Kwa tetradrakma ya Athens, sarafu kubwa ya fedha ya Kigiriki yenye gramu 17.2, kosa lilelile halifikishi tofauti ya 0.1, kwa hiyo kipimo kina faida. Kwa dinari, tafuta mizani ya 0.001 au achana nacho.

Kinachofichua bandia vizuri zaidi ni picha na mwelekeo. Shika sarafu kwa ukingo, kidole kimoja juu ya kichwa na kingine chini, izungushe kama mlango, kisha uangalie juu ya picha ya nyuma panaelekea wapi. Naandika kwa namba zilizo kwenye uso wa saa. Dinari nyingi za karne ya 2 na ya 3 huangukia karibu na 6 au 12, na hilo peke yake halithibitishi kitu, maana anayetengeneza bandia kwa kumimina metali kwenye kalibu iliyotokana na sarafu halisi hunakili hata mwelekeo. Ila sarafu mbili halisi zilizotoka kwenye chapa zilezile hazikai sawasawa: moja imeenda kushoto, nyingine imekatika herufi za juu, kingo zimepasuka pengine. Ukikuta mbili zenye ufa uleule, pengo lilelile ukingoni na mwelekeo uleule, zimezaliwa na kalibu moja.

Safu ya daraja, ile alama moja ya hali ya sarafu, sina kabisa. Daraja moja linachanganya mambo mawili, kuchakaa kwa sarafu na kuchakaa kwa chapa. Sarafu iliyotumika sana inakuwa bapa pale palipoinuka, yaani shavuni na juu ya sikio. Iliyogongwa kwa chapa iliyochoka ina ukungu kila mahali, na herufi zake zimetanuka miguu kuelekea ukingoni. Naandika safu mbili.

Alama za uadimu zilizo kwenye vitabu vya orodha vya zamani nazipuuza. Zilitokana na makusanyo yaliyokaguliwa wakati ule, na hazina moja tu ya sarafu iliyofukuliwa inaweza kuzibatilisha: ile ya Reka Devnia nchini Bulgaria mwaka 1929, ilikuwa na sarafu zaidi ya 80,000.

Kusafisha? Kijani kigumu, kinachoteleza kwa kidole, kiache. Unga wa kijani kibichi hafifu unaotoka ukiuchokoa kwa kijiti ni jambo lingine: ni kloridi iliyobaki ndani ya shaba, nayo huamka kwa unyevu na hewa. Sarafu haiambukizi jirani yake, kinyume cha wanavyosema wengi. Zote zinavuta unyevu wa droo moja. Chokoa unga, loweka kwenye sodiamu seskwikaboneti asilimia 5, badilisha mchanganyiko huo kila wiki kwa wiki kadhaa, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kausha, weka pakavu. Ujue rangi inaweza kubadilika, kwa hiyo piga picha kabla. Vifuko laini vya plastiki ya PVC tupa. Huacha utando wa kijani unaonata. Poliesta inatosha.

Lebo za wamiliki waliotangulia sizitupi hata kama utambuzi ulioandikwa si sahihi. Mwandiko na tarehe ya kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, vina uzito kuliko namba yoyote ya kitabu. Nyuma ya lebo naandika namba ya usajili kwa penseli, kwa kuwa wino hupenya karatasi.