Mirihi Yetu ya Dakatcha: Kuvuna Bila Kumfukuza Mnana wa Clarke

Kaskazini mwa mto Sabaki, ukiingia bara kutoka Malindi kwa njia ya Marafa, yapo mapori ya mirihi, miti ya asili ya pwani yetu, ambayo hayamo katika hifadhi yoyote ya Serikali. Watu wa uhifadhi huyaita kwa jumla Dakatcha. Ardhi hiyo ni ya jamii, ya koo na ya watu binafsi, wengine wakiwa na hati na wengine wakiwa bado wanaisubiri, na karibu kila mti uliosimama hapo una mwenyewe ambaye anajua utaleta shilingi ngapi ukilala. Familia yetu ina kipande huko. Ninaandika kwa sababu mjadala wa miti na wanyama katika pwani yetu huzungumzwa zaidi juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye askari na mipaka, ilhali baadhi ya viumbe vilivyo hatarini zaidi wanategemea uamuzi wa watu kama sisi, wenye shamba, karo za kulipa na msumeno wa kuazima.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye shamba anaweza kuvuna miti na viumbe hawa wakabaki, mradi avune kwa kuchagua mti mmoja mmoja, aache mabwawa na miti mizee yenye mashimo, na awe na miti ya kupanda inayompa fedha ya haraka. Sharti hili la mwisho ndilo linalobeba mengine yote, kwa sababu hakuna mzazi atakayeuacha mrihi usimame wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo na mrihi ndio mali pekee aliyonayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mnana wa Clarke, ambaye huitwa pia mnana wa Kilifi kwa kuwa haonekani mahali pengine popote duniani nje ya kaunti yetu. Ndege huyu alielezwa na wataalamu mwaka 1913. Wakati mwingi wa mwaka hutafuta wadudu juu kabisa katika matawi ya mirihi, akiandamana na ndege wa aina nyingine, na kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyeweza kuonyesha mahali anapotaga. Kiota chake kilipatikana mwaka 2013, hapa hapa Dakatcha, katika bwawa la msimu linalojaa maji ya mvua na kuota majani marefu. Maana ya jambo hili kwa wenye mashamba ni nzito. Ndege huyu anahitaji makao mawili, mirihi ya kulishia na bwawa la kuzalia, na makao hayo mara nyingi yamo katika mashamba ya watu wawili wasiojuana. Mimi naweza kuilinda mirihi yangu kwa uaminifu wote, lakini jirani akilima bwawa lake mwaka wa ukame, kwa kuwa limekauka na udongo wake una rutuba, ulinzi wangu utakuwa umekosa nusu yake. Ndiyo sababu siamini kwamba uhifadhi wa ardhi binafsi unaweza kufanywa na familia moja moja. Lazima majirani wakae kikao na wajue nani ana nini.

Viumbe wengine nao wana mahitaji yao. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa mwaka 1966, hukaa katika vichaka vizito vya udongo mwekundu, ambavyo kwa macho ya mnunuzi wa makaa ni kuni tu. Sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye wengi wao wamo Arabuko-Sokoke na wachache katika vipande vya msitu vilivyo karibu, kama vile magofu ya Gede, hujenga viota vyake chini kwa majani makavu na kutafuta wadudu katika majani hayo hayo. Kwake yeye, shamba la miti ambalo limefagiliwa na kuchomwa moto ili lionekane safi ni jangwa, hata kama miti yote imesimama. Wote watatu, mnana, bundi na sange, wamewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hapa napenda kutofautisha namna za kuvuna, kwa sababu zote huitwa kukata miti na madhara yake hayalingani. Anayetafuta mbao huchagua. Anataka gogo nene lililonyooka, na akishalipata huiacha miti midogo na iliyopinda ikikua. Hatari yake ni kwamba huondoa miti mizee kwanza, hasa mbambakofi, ambao milango ya nakshi ya pwani na samani nzuri vimeutegemea tangu zamani, na muhuhu, ambao hukua polepole mno hivi kwamba anayeupanda leo hatauvuna yeye. Miti hiyo mizee ndiyo yenye mashimo, na ndege wanaozalia mashimoni, kama hondohondo, hawawezi kungoja mti mwingine uzeeke. Anayechoma makaa hachagui. Tanuru humeza mti wa kila unene, na baada yake moto hupita juu ya visiki na majani. Mrihi ukikatwa na kisiki kikaachwa kizima, bila moto na bila mbuzi, huchipua tena. Ukichomwa kila mwaka huchoka. Udongo unaootesha mirihi mara nyingi ni mchanga mweupe usio na rutuba, kwa hiyo aliyefyeka akitarajia mahindi huvuna misimu michache kisha huhamia kipande kingine. Naona uchungu kusema hivi, maana wanaofanya hivyo ni ndugu zangu na njaa yao ni ya kweli, lakini ufyekaji wa namna hiyo hauwatoi katika umaskini.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, aliniuliza kikaoni: "Mwanangu, huyo mnana wako atalipa karo?" Swali lake lilikuwa la haki na lilistahili jibu la hesabu. Nilimwambia, "Baba, mnana hatalipa, lakini mvinje utalipa, na asali itasaidia."

Mvinje hukatwa kwa boriti baada ya miaka minne au mitano, hustahimili mchanga, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoongeza nitrojeni katika udongo. Kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kilichopo Gede kimefanya kazi na wakulima wa mti huu, na soko lake lilipanuka kadiri ukataji wa mikoko ulivyobanwa na wajenzi wa mapaa ya makuti walivyohitaji boriti nyingine. Kila boriti ya mvinje inayofika dukani ni boriti moja ambayo haikutoka katika mkoko wala katika pori. Lakini natoa tahadhari kwa nguvu zote: asifyeke mtu mirihi ili apande mivinje. Mvinje upandwe pale palipokwisha kuwa shamba tupu, kwa sababu mistari ya mivinje haina mashimo ya kuzalia, wala haina ule mchanganyiko wa wadudu na majani makavu ambao viumbe niliowataja huishi kwao.

Mwarobaini nao una habari njema zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wachongaji wa Malindi walikuwa wakitegemea sana muhuhu, na wengi wao wamejifunza kuchonga mwarobaini na mwembe badala yake. Mwarobaini ni mgeni, ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na sasa unaota katika kingo za misitu yetu bila kupandwa na mtu. Kuuvuna huko ndani ya pori kunampa mwenye shamba fedha na kuipa miti ya asili nafasi. Sijui uvunaji mwingine wa miti katika eneo letu ambao una faida pande zote mbili kwa uwazi kama huu.

Kuhusu mapato ya msitu uliosimama, mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanza mwaka 1993, umeonyesha kwamba familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke zinaweza kufuga viwavi wa vipepeo, kuwauza wakiwa wamejifunga kabla ya kugeuka vipepeo, na kupata fedha zinazotegemea uhai wa msitu. Mizinga ya nyuki inafaa vivyo hivyo katika mirihi. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya limechukua njia nyingine, ya kununua ardhi Dakatcha na kuifanya hifadhi. Ninaiheshimu njia hiyo, na bila shaka imeokoa vipande ambavyo vingekuwa majivu, lakini haiwezi kununua Dakatcha yote, na mwenye kuuza huondoka na fedha ambazo huisha. Ardhi inayobaki mikononi mwa wenyewe ndiyo kubwa, na huko ndiko juhudi zinakopaswa kuelekezwa.

Sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zinamtaka kila mkulima afikishe asilimia 10 katika shamba lake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi yake mwenyewe. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inatambua msitu wa mtu binafsi. Kasoro ninayoiona ni kwamba asilimia 10 huhesabu miti bila kuuliza ni miti gani. Mtu anaweza kufyeka mirihi yote, apande mivinje katika sehemu moja ya kumi ya shamba, na akawa ametimiza kanuni kikamilifu huku mnana amepoteza chakula chake.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita kampuni moja ilitaka kufyeka eneo kubwa la Dakatcha na kupanda mibono ya mafuta. Wenyeji na watu wa uhifadhi walisimama kidete, na mpango huo ukakataliwa. Nakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Tangu hapo tumekuwa tukiyapunguza mapori hayo hayo wenyewe, gunia moja la makaa baada ya jingine, na hakuna mkutano wa hadhara unaoitishwa kwa sababu kila mmoja anakata kilicho chake.

Katika familia yetu tumekubaliana kwamba kipande cha chini, kilichokuwa shamba la mahindi, kipandwe mivinje. Mirihi ikatwe kwa zamu, sehemu kwa sehemu, bila tanuru kuwekwa ndani ya pori. Na kila mti wenye shimo utiwe alama ya rangi ili fundi wa msumeno asiuguse hata akipewa bei. Bado hatujakubaliana na jirani mwenye bwawa. Anataka fidia kwa msimu ambao hatalima, na nadhani ana haki, ila haifai fidia hiyo itoke kwetu peke yetu. Kaunti ya Kilifi ingeweza kumpunguzia kodi ya ardhi kwa kila mwaka ambao bwawa limeachwa, na ofisa wa misitu anayekuja kukagua kabla ya kutoa kibali angeweza kuuliza pia kuhusu mabwawa, mashimo na majani ya chini, badala ya kupima unene wa magogo tu. Ombi hilo tumeliandika, tumelitia sahihi pamoja na majirani wanne, na litapelekwa Malindi mvua za masika zikitulia na barabara ya Marafa ikipitika.