Siku moja kati ya famasi na jimu, Mwanjelwa

Saa 10:30 alfajiri. Julai ya Mbeya haina huruma. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri kama hii maji ya bomba yanauma hadi kwenye meno. Navaa sweta mbili, najifunga kitenge juu yake, natoka kusubiri bajaji. Kijana wa bajaji huwa amejifunika uso wote kasoro macho. Hatusemi kitu mpaka Kabwe.

Saa 11:15. Nafungua jimu. Ni chumba kimoja kirefu ghorofani, juu ya famasi yangu. Kundi la kwanza ni mama wa sokoni, kwa sababu ikifika saa 1 lazima wawe kwenye meza zao. "Ugonile!" mmoja ananisalimia kwa Kinyakyusa chake, ingawa anajua fika mimi ni Mkinga wa Makete. Wanavaa suruali za mazoezi na madira juu, na hakuna anayelivua dira hata jasho likimtoka.

Kuna mama mmoja muuza mchele wa Kyela ambaye dambeli ya kilo 5 anaiita adhabu. Huyo huyo nimeshamkuta akiburuta gunia peke yake, simu kaibana begani. Siku ya kwanza aliniuliza: "Dokta, mimi nasimama kutwa nzima, mazoezi gani tena?" Nikamwambia kusimama kutwa kunavimbisha miguu, lakini moyo hautoki jasho. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya aheme. Akapiga hesabu palepale, kama anavyopigia madebe ya mchele, akasema: "Nusu saa mara tano. Basi nitalipa."

Saa 2. Chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha za Tukuyu, parachichi nusu. Nakula nimesimama kwenye kaunta, jambo ninalowakataza wateja.

Saa 2:30. Famasi inafunguliwa. Nilisoma ufamasia Muhimbili, lakini kazi ya duka nilianza kuijua nikiwa na miaka tisa, kwenye duka la baba la vifaa vya ujenzi. Duka la kwanza liliteketea soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006. Baba alianza upya na misumari na chepeo chache za mkopo. Alichonifundisha kuhusu saruji ndicho ninachokitumia kwenye dawa hadi leo: mzigo mpya unaingia nyuma, wa zamani unasogea mbele, maana saruji ikikaa inaganda na huna wa kumlaumu. Mimi naangalia tarehe ya mwisho wa matumizi badala ya kubonyeza mfuko kwa kidole, lakini ni mkono uleule.

Anaingia mtu anataka amoksilini vidonge sita, mafua yamemshika. Hana cheti. Namwambia mafua husababishwa na virusi na amoksilini inapigana na bakteria, na hata angekuwa anaihitaji, vidonge sita visingetosha dozi. Ananitazama kama ninayemnyima chumvi. Anatoka, na namwona anavuka barabara kuelekea duka jingine. Nimezoea, ila siwezi kusema hainiumi. Kodi ya pango hailipwi kwa msimamo.

Saa 4 hivi anakuja dereva wa lori, ametoka Tunduma usiku. Anataka vidonge vitano vya presha. Namuuliza mbona vitano. "Nilipima mwezi jana, presha imepona." Namkalisha kwanza. Watu wengi wanapimwa wakiwa bado wanahema, wamevuka barabara mbio, kisha wanashtuka na namba. Anatakiwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanishwa, mkono uwe usawa wa moyo, na asiongee. Hilo la kutoongea lilimshinda, nikasubiri upya. Ikatoka 158 kwa 96, bado iko juu. Tena nikapima mkono mwingine, ikakaribiana.

Nikamweleza kwamba mwezi jana namba ilishuka kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Ni kama breki za lori: hazikukupeleka salama mlima ule ili leo uzing'oe. Akacheka, akanunua za mwezi mzima kulingana na cheti chake, nikamwandikia arudi kwa daktari wake. Tembeeni mkisimama mizani, nikamwambia, mzunguke lori hata mara kumi. Nadhani hilo ndilo alilolichukulia kama utani.

Saa 7. Umeme umekatika, umerudi. Mashine ya kukimbilia inalia kama mbuzi. Ilipoharibika mara ya kwanza niliambiwa nisubiri fundi kutoka Dar, kilomita zaidi ya 800, nauli na malazi juu yangu. Nikamwita fundi wa mashine za kusaga kutoka Sido, hapa hapa mjini. Hakuwahi kuona mashine ya kukimbilia maishani. Aliifungua, akasema, "Hii si mota na beringi tu?" Leo kaja na beringi mfukoni kabla sijamwambia tatizo.

Saa 10. Baba anapita, kama anavyopita kila siku akijifanya anaelekea kwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Leo wameingia wangapi?"

Haulizi mauzo. Anauliza wangapi, kisha anatazama daftari. Nilipofungua jimu alinikopesha sehemu ya mtaji, tukaandikiana, na kila mwezi nilimpelekea marejesho mpaka nikamaliza. Kaka zangu walidhani ni ukali. Mimi nilijua anaogopa: kwake biashara ni mzigo unaoonekana, na jasho la watu halipangwi kwenye rafu. "Watu wa hapa wanapanda mlima Loleza bure," aliniambia, "nani atakulipa akimbie palepale alipo?"

Wakalipa. Ila kuna siri ya biashara hii ambayo hakuna aliyenitajia nilipoanza. Jimu inanenepa kwa wasiokuja. Watu wanalipa mwezi, wanakuja wiki moja, wanapotea, na mashine zako hazichakai. Nilimweleza baba hivyo nikidhani atafurahi. Akakunja uso. "Mteja akilipia mifuko kumi ya saruji akaiacha dukani, wewe ndiye unayedaiwa." Tangu siku hiyo nina daftari la pili.

Saa 12 jioni. Vijana. Kelele, muziki, kioo kimoja wanakigombania. Kila mmoja anataka mikono mikubwa kabla ya Desemba, hakuna anayetaka kufanya miguu. Wananiuliza unga wa protini, nawatajia maharage, mayai na dagaa. Wananiona mshamba.

Saa 2 usiku. Nimefunga famasi. Nakaa na daftari la wasiokuja na kikombe cha tangawizi. Napiga simu nne au tano kila usiku. Mwalimu mstaafu hajaonekana wiki tatu, mkewe anapokea: yuko Mbarali kwenye mpunga, tangu asubuhi mpaka giza jembe mkononi. Naandika pembeni, "Tunamdai sisi? Hapana, anatudai wiki tatu." Dada wa benki anasema kesho. Alisema kesho Jumatatu pia.

Jina la kwanza kwenye daftari hilo halijawahi kupigiwa. Siku ya ufunguzi baba alitaka awe mteja wa kwanza, kufungua mkono wa biashara. Alilipa mwezi mzima taslimu, akadai risiti, hakupanda ngazi hata siku moja. Presha yake hajaniruhusu nipime. Leo alipokuwa anatoka nilimwona akishika ukuta, akasema kiatu kinambana.

Napiga. Nasikia taarifa ya habari nyuma yake.

"Baba, kuna mzigo wako hapa dukani. Mwezi mmoja, haujachukuliwa."

Kimya kirefu. Runinga inapunguzwa sauti.

"Wale mama wa mchele wanaondoka saa ngapi?"

"Saa 1 kasorobo."

"Haya," akasema, akakata simu.