Siku moja maishani mwangu: kisahani cha vumbi

Saa 11 alfajiri. Bando la usiku linakaribia kuisha, naamka kuhakikisha picha zimeshuka zote. Ni picha za darubini ya Hubble za NGC 4261, galaksi ya duaradufu kwenye kundinyota la Mashuke, miaka nuru milioni 100 hivi kutoka kwetu. Hifadhi ya picha za Hubble iko wazi kwa yeyote, hata sisi wa Dar es Salaam. Zimeshuka, alhamdulillahi.

Saa 3, baada ya daladala mbili, niko maabara. Galaksi za aina hii ni laini: zinang'aa katikati, zinafifia taratibu kuelekea pembeni. Programu inachora duaradufu ndani ya duaradufu kuiga mwanga wa nyota, kisha nautoa mwanga huo wa kuigiza kwenye picha halisi.

Saa 5 na nusu kinatokea. Kisahani cheusi cha vumbi, upana wake hauzidi pikseli (nukta za picha) 40, nazo pikseli hizo ni miaka nuru 800! Nimekiona vitabuni mara nyingi, lakini kukitoa kwa mkono wangu mwenyewe kumenifanya ninyamaze kwa muda. Zamani galaksi hizi zilidhaniwa hazina vumbi kabisa.

Saa 8 umeme unakatika. Betri ina saa mbili, zinatosha kupima. Kisahani ni cha duara, ila kimelala upande, ndiyo maana tunakiona kimebanwa. Upana mfupi kwa mrefu napata 0.44, yaani kimeinama nyuzi 64.

"Pembeni umekata wapi?" Dokta ananiuliza.

"Pale weusi unapoisha, Dokta."

"Weusi hauishi ghafla. Rudia."

Ana haki. Kisahani kina gesi pia, nayo inazunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, na sisi tunapima tu ile kasi inayotujia au kutukimbia. Mwinamo ukikosewa, kasi halisi inakosewa, na uzito wa shimo unafuata kasi mara kasi. Wanaastronomia Ferrarese, Ford na Jaffe walipoipima gesi hii mwaka 1996 walipata shimo lenye uzito wa karibu mara milioni 490 ya Jua, na mwinamo ulikuwemo kwenye hesabu yao.

Narudia mara nne, kila mara nikikata pembeni mahali tofauti. Nyuzi zinacheza kati ya 62 na 66, nazo zote naziandika.

Saa 4 usiku, nyumbani. Bando jipya, naanza kushusha picha za galaksi nyingine, NGC 7052. Kisahani chake kina miaka nuru 3,700.